Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inapoichafua Redio ya Masafa Mafupi

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: kompyuta iliyowekwa kando ya redio ili isome mawimbi ya kidijiti ndiyo hiyo hiyo inayoyaziba. Tumeanza na kelele, kisha tukaja kwenye kung'amua, maana hakuna programu inayosoma kilichokwisha kufunikwa.

Swali: Redio yangu ni ya mezani na antena ni waya wa mita 10 uliotokea dirishani. Laptopu ikiwaka, kuanzia 5 MHz hadi 15 MHz nasikia mvumo mtupu na stesheni dhaifu zote zinazama. Nimeshauriwa ninunue chujio la umeme. Je, litasaidia?

Usinunue kitu bado. Mtafute kwanza mkosaji, kazi ya dakika kumi tu. Tega redio mahali pasipo na stesheni, kisha chomoa chaja ya laptopu ukutani. Tunasema ukutani makusudi: chaja iliyoachwa kwenye soketi bila kulisha kitu huendelea kupiga kelele, na wakati mwingine huzidisha. Mvumo ukikatika, kosa ni la chaja. Ukibaki, badilisha mwanga wa skrini, halafu chomoa skrini ya nje, kebo ya mtandao, kipanya na diski, kimoja baada ya kingine, ukiandika kila badiliko. Mwisho zima laptopu yenyewe. Ikiwa imezimwa na mvumo ungali pale pale, ulikuwa unaisingizia. Hapo weka redio kwenye betri, zima swichi kuu ya nyumba, kisha rudisha umeme chumba kwa chumba. Ruta, taa za LED na chaja za simu ndizo hukamatwa mara nyingi.

Sikio lililozoea hutambua chanzo kabla ya kuchomoa chochote. Chaja hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo ukizungusha kitufe cha masafa utakuta kilima cha kelele, kisha utulivu, kisha kilima kingine, kwa hatua za kama kHz 60 hadi 100. Vilima hivyo vina kingo za ukungu, na husogea betri inapokaribia kujaa. Kelele ya skrini hubadilika sauti unapotoka kwenye ukurasa mweupe kwenda mweusi. Kebo ya mtandao huacha vifilimbi vyembamba visivyotikisika, na kinachojulikana zaidi kiko karibu na 14,030 kHz. Vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme vina alama ya ajabu: kwa kawaida hutengenezwa viziruke bendi za redio za ridhaa, yaani za watu binafsi wanaowasiliana kwa redio kama burudani. Hivyo ukikuta 7,100 kHz ni tulivu lakini kwenye stesheni za utangazaji za juu kidogo ya hapo kunachemka, kiangalie kifaa cha aina hiyo, chako au cha jirani.

Sasa chomoa antena kwenye redio. Kelele ikitoweka, ilikuwa inaingia kwa antena. Ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme wa redio au kebo ya sauti inayokwenda kwenye kompyuta. Matibabu ya hizo mbili hayafanani, na watu wengi hutumia pesa kutibu isiyo yao.

Tuje kwenye chujio. Litafaa ikiwa kelele inasafiri kwa nyaya za umeme, nalo hukaa kwenye chanzo, karibu na chaja, kwa waya mfupi. Ukiliweka kwenye redio, nyaya zote za nyumba zinabaki zikirusha kelele hewani na antena yako inaipokea kama kawaida. Na jambo moja la usalama: usikate waya wa ardhi kwenye plagi ya kompyuta kwa sababu tu mvumo ulipungua ulipoukata.

Swali: Nilinunua feraiti za kubana (vile vipande vyeusi vya kauri ya sumaku vinavyovishwa waya ili kuzuia kelele), kumi kwa pamoja, nikazibana kwenye kila waya wa kompyuta. Sioni tofauti yoyote. Nimetapeliwa?

Si lazima. Feraiti nyingi za kubana zimekusudiwa masafa ya juu sana, na kwa waya uliopita mara moja tu huwa hazina nguvu ya kutosha chini ya MHz 30.

Elewa feraiti inafanya nini. Umeme halali wa chaja huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na ndani ya feraiti athari zao hufutana. Kelele inayokusumbua hupita kwenye nyaya zote mbili kwa mwelekeo mmoja, ikiugeuza waya mzima kuwa antena ya kurushia. Hiyo tu ndiyo feraiti inayoibana. Na ubanaji haukui kwa kujumlisha: unakua kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Mzunguko mmoja ni 1, mitatu ni 9, mitano ni 25. Feraiti zako kumi zilizopangwa kwenye waya mmoja zinatoa 10. Moja yenye tundu pana, waya ukipita mara tano, inatoa 25.

Aina ya mchanganyiko wake pia ni muhimu. Kwa masafa mafupi tafuta mchanganyiko namba 31. Namba 43 inafaa zaidi nusu ya juu ya masafa hayo. Isiyoandikwa namba ni bahati nasibu. Pete kubwa yenye kipenyo cha nje cha mm 61, inayouzwa kwa jina FT240-31, hupokea waya wa chaja bila shida ikiwa plagi yake ni nyembamba. Hesabu kila mara waya unapopita ndani ya tundu kuwa mzunguko mmoja. Kwa kelele iliyo chini ya MHz 7 piga mizunguko 12 hadi 14. Kwa MHz 14 kwenda juu punguza hadi 6 au 9, kwa sababu mizunguko ikirundikana, kelele huanza kuruka kutoka mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho bila kupita njia uliyoitengenezea. Mwanzo na mwisho wa waya usigusane.

Iweke sentimita chache kutoka kwenye kifaa kinachopiga kelele. Ukiiweka katikati ya waya wa mita mbili, mita ya kwanza inaendelea kurusha. Na kwa zile za kubana, hakikisha nusu mbili zinakutana kabisa. Zitazame kwenye mwanga: mwanya unaopitisha hata karatasi tu unaondoa sehemu kubwa ya nguvu yake.

Zile kumi usizitupe. Zibane tatu tatu kwenye kebo nene ambazo haziwezi kukunjwa.

Swali: Antena yangu inaingia ndani moja kwa moja hadi nyuma ya redio. Nikitumia waya wa koaksia, ule wenye kiini katikati na ganda la chuma kukizunguka, kelele itapungua?

Koaksia peke yake haitoshi. Ukiunganisha waya mrefu wa antena kwenye kiini cha koaksia bila kitu kati yake, ganda la nje la koaksia linakuwa nusu ya pili ya antena, nalo linapita ndani ya nyumba, katikati ya kelele zote. Unahitaji transfoma mahali waya na koaksia vinapokutana, huko nje.

Ya kupokelea tu ni rahisi kutengeneza. Chukua kiini cha feraiti cha BN-73-202, kile chenye matundu mawili kama pua, na waya wa shaba wenye rangi ya kuhami wa mm 0.3. Kwenda kwa tundu moja na kurudi kwa jingine ni mzunguko mmoja. Piga mizunguko 3 kwa upande wa koaksia na 9 kwa upande wa antena, koili mbili zisizogusana popote. Ncha moja ya koili ya mizunguko 9 iende kwenye antena, nyingine kwenye fito ya ardhini iliyochimbiwa hapo hapo chini ya antena. Koili ya mizunguko 3 iende kwenye kiini na ganda la koaksia. Uwiano wa mizunguko 3 kwa 1 unapunguza ukinzani mara tisa, unaokaribia mahitaji ya waya wa urefu wowote.

Siri yake iko kwenye kutogusana. Wengi huuza transfoma ambazo koili zake zimeunganishwa chini. Zinalinganisha ukinzani vizuri, lakini kelele ya ganda la koaksia inapita pale pale na kuingia kwenye mizunguko. Ipime kwa mita ya omu: kati ya antena na koaksia pasiwe na njia kabisa.

Antena ikae mbali na nyumba kadiri uwanja unavyoruhusu. Kuihamisha mita 10 hutoa nafuu ambayo hakuna kifaa cha mezani kinachoifikia. Kama huna nafasi, kitanzi kidogo cha kipenyo cha mita moja kinachozungushwa kwa mkono kitakusaidia: kina pande mbili ambazo hakisikii, nawe unaelekeza upande mmoja kwenye chanzo. Na mvua ya radi ikikaribia, chomoa koaksia na uiache nje.

Swali: Redio ikiwa peke yake ni safi. Nikichomeka waya wa sauti kutoka kwenye tundu la visikizi hadi kompyuta, inaanza kunguruma, na programu inaonyesha sauti imejaa kupita kiasi.

Hayo ni matatizo mawili kwenye waya mmoja.

Mngurumo unatokana na redio na kompyuta kuunganishwa mara mbili: kwa ganda la waya wa sauti, na kwa njia ya umeme au ardhi. Mkondo unazunguka humo na kuibeba kelele ya kompyuta hadi kwenye redio. Katisha kwa transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600, na ganda la waya wa upande mmoja lisifike upande wa pili.

Sauti kujaa ni kwa sababu tundu la maikrofoni linasubiri milivolti chache, na tundu la visikizi linaweza kutoa karibu volti nzima. Baada ya transfoma weka rezista ya kΩ 10 kwenye njia, kisha rezista ya kΩ 1 kutoka hapo hadi ganda. Sauti inabaki sehemu moja ya kumi na moja. Malizia kwa kapasita ya mikrofaradi 1 kuelekea kompyuta, kwa kuwa tundu la maikrofoni hutoa umeme wake wa kulisha maikrofoni, na bila kapasita umeme huo unamezwa na rezista yako.

Laptopu nyingi siku hizi zina tundu moja la visikizi na maikrofoni. Plagi ya kawaida ya pete tatu ikiingia humo, kompyuta inadhani ni visikizi na haisikilizi kitu. Tumia plagi ya pete nne au kadi ndogo ya sauti ya USB. Ndani ya mipangilio zima kila kinachoitwa uboreshaji wa sauti, upunguzaji wa kelele na ukuzaji wa maikrofoni. Vimeundwa kwa ajili ya maongezi, na mlio wa mawimbi ya kidijiti huviona kama kelele ya kufutwa. Kwenye redio nako zima kipunguza kelele.

Swali: Najaribu kusoma stesheni ya hali ya hewa ya Ujerumani kwa programu ya fldigi. Milio miwili naiona wazi kwenye skrini lakini herufi zinatoka ovyo. Nikipata maneno, namba hazipo.

Stesheni hiyo ni nzuri kwa kujifunzia kwa sababu hurudia jina lake. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani hurusha maandishi hayo kwenye 4,583, 7,646 na 10,100.8 kHz, miongoni mwa masafa mengine. Kosa la kawaida ni kuacha mipangilio ya redio za ridhaa, yaani kasi ya biti 45.45 kwa sekunde na tofauti ya Hz 170 kati ya milio. Wajerumani hutumia kasi ya 50 na tofauti ya Hz 450, biti 5 kwa herufi, bila biti ya ukaguzi. Milio utaiona vizuri hata ukikosea, ndiyo maana macho hayatoshi.

Weka redio kwenye USB, yaani upande wa juu wa wimbi (jina tu limegongana na la tundu la kompyuta). Masafa yaliyotangazwa ni ya katikati ya milio miwili. Ukitaka katikati hiyo iangukie Hz 1,000 kwenye programu, redio isome kHz 1 chini: kwa 10,100.8 weka 10,099.8. Milio itatokea kwenye Hz 775 na 1,225. Kichujio cha redio kiwe cha kHz 1 au zaidi. Cha Hz 500 kinakata kingo za milio yote miwili. Herufi zikiendelea kuwa ovyo na mipangilio ni sahihi, bonyeza kitufe cha Rv, kinachogeuza mlio wa juu kuwa wa chini. Ukikipatia, kwenye mapumziko utaona mstari wa RYRYRYRY. Herufi hizo mbili zilichaguliwa kwa sababu biti zao hupishana moja baada ya nyingine, kipimo kigumu kwa mtambo.

Kuhusu namba zilizopotea, hazikupotea. Biti 5 zinatosha alama 32 tu, hivyo mtambo hutuma alama maalum ya kusema "kuanzia hapa ni namba" na nyingine ya kurudi kwenye herufi. Mkwaruzo mmoja ukiila alama hiyo, namba zote zinazofuata zinachapwa kama herufi za nafasi ile ile. Ukiona QPQPPMI, soma 10100.8: Q ni 1, P ni 0, M ni nukta, I ni 8. Safu ya juu ya kibodi, QWERTYUIOP, ndiyo 1234567890. Ukiikariri utaokoa taarifa nyingi zilizochafuka. Kuna pia chaguo la kurudi kwenye herufi kila baada ya nafasi tupu. Linasaidia matangazo ya maneno, lakini kwenye makundi ya namba linaharibu, kwa hiyo lizime unaposoma takwimu za vituo.

Swali: Ramani za hali ya hewa ninazopokea kwa redio na kompyuta zinatoka zimelala upande kama zinaanguka.

Saa ya kadi yako ya sauti haiko sawa na ya mrushaji. Ramani hizo huchorwa mistari 120 kwa dakika. Kadi ikikosea kwa sehemu 100 katika milioni, kila mstari unasogea sehemu moja ya elfu kumi ya upana wa picha. Ni kidogo, lakini baada ya dakika 10 imekuwa mistari 1,200, na picha imesogea asilimia 12. Programu nyingi zina mahali pa kurekebisha mwinamo. Rekebisha mara moja, namba hiyo haibadiliki sana kwa kadi ile ile. Kumbuka pia kutega kHz 1.9 chini ya masafa yaliyotangazwa: kwa 7,880 kHz weka 7,878.1, kwa 13,882.5 weka 13,880.6.

Swali: Kwenye 14,074 kHz skrini imejaa mistari ya FT8, ule mfumo wa ujumbe mfupi wa kidijiti wa redio za ridhaa, lakini programu ya WSJT-X haiandiki hata moja.

Tazama saa ya kompyuta. FT8 hufanya kazi kwa vipindi vya sekunde 15, ambapo ujumbe unachukua sekunde 12.64, na programu huanza kusikiliza kwa kufuata saa yako. Ikikosea zaidi ya sekunde mbili hivi, hutapata kitu hata mawimbi yakiwa na nguvu za kupasua spika. Oanisha saa kwa intaneti, au kwa kifaa cha GPS kama uko mbali na mtandao.

Zikianza kutoka, angalia safu ya DT, yaani tofauti ya muda kwa sekunde. Ikiwa karibu kila mstari unaonyesha 1.2 au 1.3, saa yako ndiyo imetangulia kwa kiasi hicho. Zikiwa hasi zote, imechelewa. Mmoja peke yake ukiwa na namba kubwa, kosa ni lake.

Kisha sauti: bila mawimbi, kipimo cha programu kisome karibu dB 30. Kichujio cha redio kiwe wazi, kHz 2.5 hadi 3, maana stesheni zimetapakaa kote humo na kila moja inachukua Hz 50 tu.

Swali: Nimenunua kipokezi kidogo cha RTL-SDR, kile cha kuchomeka kwenye tundu la USB la kompyuta. Kwenye masafa mafupi nasikia stesheni mahali zisipopaswa kuwa.

Kama unatumia njia yake ya kupokea moja kwa moja, bila kibadilisha masafa, kifaa kinapima mawimbi mara milioni 28.8 kwa sekunde na hakiwezi kutofautisha kilicho chini ya 14.4 MHz na kivuli chake cha juu. Toa masafa halisi kwenye 28.8: stesheni ya 15,400 kHz itajitokeza pia kwenye 13,400. Dawa ni kichujio kati ya antena na kifaa: kinachopitisha chini ya MHz 14 unaposikiliza huko, kingine cha kupitisha juu unapohamia MHz 15 na kuendelea. Na usikichomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Tumia kebo fupi ya USB iliyopita mara kadhaa kwenye feraiti ya namba 31.

Swali: Naweza kupata DRM, yaani matangazo ya redio ya kidijiti, kwa redio ya kawaida na waya wa sauti?

Hapana. Matangazo ya DRM kwa kawaida ni mapana kHz 10, na redio ya kawaida imekwisha yaharibu kabla hayajafika kwenye tundu la visikizi. Unahitaji redio iliyowekewa njia ya kutolea mawimbi ya kHz 12 kabla ya hatua ya sauti, au kipokezi cha kompyuta, kisha programu kama Dream. Na DRM haikwaruzi kama AM: inasikika safi, halafu inakatika kabisa. Ukiona inakatika kila chaja inapowashwa, rudi swali la kwanza.

Swali: Kuna mlio kama injini ya gari unaounguruma bila kukoma mchana na usiku. Ni programu gani inausoma?

Unavyoueleza, huenda ni STANAG 4285, mfumo wa kijeshi. Fremu yake, yaani kifungu kimoja cha data, hurudi karibu mara 9.4 kwa sekunde, ndiyo huo mwendo wa injini unaousikia. Programu kadhaa zinaweza kuutambua na kujifunga kwenye alama zake 2,400 za kila sekunde, lakini yaliyomo kwa kawaida yamefungwa kwa siri. Utapata safu za herufi zisizo na maana, na hakuna mpangilio wa kubadilisha utakaozinyoosha.